Kijana wa Taifa Afungua Kinywa

Hakuna mtu anayeijua habari ya Kamati ya Taifa ya Vinywa kuliko mimi. Nilikuwamo katika ofisi ile tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na siri zote za serikali nilizisikia kwa masikio haya. Nilikuwa nafagia. Na kusema kweli, zikifika siri zenyewe nilikuwa natolewa nje. Ila mlango wa pale haukuwa unafunga vizuri, na mimi ukinitoa nje siendi mbali.

Nchi yenyewe sitaitaja. Ilikuwa na sheria kwamba mtu asiitaje bila vyeo vyake vyote, na vyeo vyake vyote vinakula ukurasa mzima, nami daftari langu ni dogo. Wewe msomaji hujawahi kufika huko. Kama unadhani umewahi, umefananisha.

Huko, vyeti vya kuzaliwa havikuandikwa mwaka kwa tarakimu. Kalenda zilikuwa zinafika mwezi wa tano, na watoto hawakukubali kuzingoja. Basi makarani waliandika mwaka kwa jina lake: mwaka wa Nzige, mwaka wa Daraja Kuanguka, mwaka wa Daraja Kuanguka Tena, mwaka wa Njaa ya Pumba. Kila mtu alielewa. Mimi ni wa Daraja Kuanguka, lile la kwanza, kabla halijawa mazoea.

Siku moja Mkuu wa Nchi akahutubia, akasema tangu ashike madaraka nchi haijawahi kuona njaa. Tukapiga makofi. Kesho yake wanasheria wa serikali wakakaa, wakaona kuna tatizo. Kama njaa haikuwapo, basi mwaka wa Njaa ya Pumba haukuwapo, na kama mwaka haukuwapo, hakuna aliyezaliwa ndani yake. Wakaufuta. Wakafuta na mwaka wa Njaa ya Mizizi na mwaka wa Foleni ya Sukari, ili wasirudie kazi. Watu laki nne wakaamka hawajazaliwa. Waliendelea kula na kukohoa kama kawaida, lakini kisheria huo ulikuwa ukaidi tu.

Sasa watu wasiozaliwa utawapelekaje shule, utawaozaje, utawafungaje? Hili la kuwafunga ndilo lililoiumiza serikali zaidi. Ndipo ikaundwa Kamati ya Taifa ya Vinywa, umri wa mtu usomwe katika meno yake, na vyeti vikatumika kufungia karanga.

*

Mtaalamu aliyeletwa alikuwa Daktari Tumsifu, mwanamke mfupi, mpole, aliyetumia miaka kumi na miwili kutazama meno ya maiti na ya washtakiwa ili kuwaambia mahakimu wana umri gani. Siku ya kwanza aliwachorea wajumbe ubaoni, nami nikafagia pale pale ubaoni kwa muda mrefu sana.

Alisema jino halijengwi kama nyumba. Nyumba unaanza na msingi. Jino linaanza na paa. Kichwa cha kutafunia kinajijenga kwanza ndani ya taya, kabla hata hujakiona, kisha kuta zinashuka, mwisho kabisa mzizi. Mzizi ukiwa bado unakua, ncha yake iko wazi kama mdomo wa tarumbeta. Ukimaliza, ncha inajifunga. Kwa hiyo ukipiga picha ya eksirei ya taya zima, ukatazama kila jino limefika hatua gani, unaweza kusema huyu ana miaka sita, huyu tisa, huyu kumi na minne. Gego la mwisho, lile linalomjia mtu na homa akishakuwa mkubwa, ndilo linalochelewa kuliko yote. Likishafunga ncha zake, mwenyewe ni mtu mzima. Na baada ya hapo, alisema Daktari, jino halikui tena, linachakaa tu, na mimi nitakuwa nakisia.

Mwenyekiti wa Kamati, Jaji Ubwa, alivua miwani. Huyu alikuwa amestaafu mara tatu, na kila mara aliagwa kwa saa ya ukutani. Ofisini kwake zilikuwapo zote tatu, na hakuna iliyokubaliana na mwenzake. Akamuuliza Daktari kama atampa kila mwananchi siku yake ya kuzaliwa. Daktari akajibu kwamba meno hayasemi siku, yanasema, kwa mfano, kati ya miaka kumi na minne na kumi na sita.

"Daktari," alisema Jaji, "serikali haina kati. Serikali ina huku na ina kule. Taifa lisilojua meno yake haliwezi kuyatafuna maendeleo."

Karani wa Kamati, kijana mmoja aitwaye Fidelisi, akaliandika neno hilo. Baada ya wiki lilikuwa juu ya lango kwa rangi ya kijani, na chini yake: KINYWA KIMOJA, UMRI MMOJA. Kuhusu zile "kati", waliamua kwamba Daktari akisema kumi na minne hadi kumi na sita, itaandikwa kumi na mitano, asubuhi.

*

Halafu ukaja waraka. Ulisema kwamba kwa kuwa umri wa mwananchi umo kinywani, kila jino ni nyaraka ya serikali, na kung'oa jino ni kuharibu faili. Mwenye jino bovu aombe kibali. Kibali kilichukua wiki tatu. Mtaani kwetu ukakuta watu wazima wamevimba mashavu kama wapiga baragumu, wametulia vibarazani, wanangoja muhuri. Jirani yangu mmoja alipata kibali cha jino ambalo si lenyewe, akashauriwa aling'oe hilo hilo ili mambo yasichelewe.

Na wenye mapengo wakatakiwa kueleza kwa maandishi kila jino lilikwenda wapi. Mimi yaliyokosekana yalikuwa kumi na moja, nikaandika barua kumi na moja. Kumi zilikubaliwa. Ya kumi na moja nilieleza kwamba sikumbuki. Nikajibiwa nikumbuke.

Lakini hayo yalikuwa ya kuchekesha tu. Sasa nieleze lililotuondolea kicheko.

*

Kulikuwa na Mwenyekiti wa Vijana wa nchi nzima, Mheshimiwa Nguzo Mbarazi. Sheria ilisema Mwenyekiti wa Vijana asizidi miaka thelathini na mitano, naye hakuizidi. Alikuwa na thelathini na minne. Alikuwa na thelathini na minne wakati mimi naolewa, na thelathini na minne wakati mume wangu anazikwa. Ujana ule haukuwa wa mchezo, ulikuwa wa kudumu.

Akaenda kuhutubia shule ya wasichana. Mwalimu mkuu akamkaribisha kwa maneno aliyopewa: kijana mwenzenu huyu, mwenye miaka thelathini na minne tu, ametuongoza sisi vijana kwa miaka ishirini na tisa. Mstari wa tatu akanyoosha mkono msichana mmoja, Semeni, mrefu kuliko wenzake, akaruhusiwa, kwa maana walidhani anataka kushukuru.

"Naomba kuuliza," alisema. "Thelathini na nne toa ishirini na tisa ni tano. Mheshimiwa alipoanza kutuongoza alikuwa chekechea?"

Walimkamata kabla ya wimbo wa taifa. Shtaka lilikuwa kufanya hesabu ya kutoa mbele ya halaiki bila kibali. Adhabu yake, kwa mtu mzima, kifungo cha miaka mitatu. Kwa aliye chini ya miaka kumi na minane, anaonywa na kurudishwa kwa mzazi. Cheti cha Semeni kilisema mwaka wa Njaa ya Pumba, yaani hakikusema kitu. Mwendesha mashtaka akadai binti ana miaka kumi na tisa, kwa sababu ana kimo na anajua kutoa.

Mama yake, Bi Tatu, alikuja kila asubuhi akakaa kwenye benchi la nje, benchi ambalo nami nilikuwa nakaa nikitolewa. Hakulia. Alikuwa na khanga moja aliyoikunja mapajani, ya kumfunika mtoto akitoka. Siku ya pili aliniambia, "Nilimzaa siku ya mgawo wa kwanza wa pumba. Nilipanga foleni uchungu umeshanishika, nikajifungulia nyuma ya ghala. Leo naambiwa foleni haikuwapo. Sasa mimi, dada yangu, nilikuwa nimesimama wapi?"

Nikampa nusu ya kiazi changu.

Wakati huo swali la Semeni lilikuwa limeshatoroka shule. Sokoni watu walikuwa wanatoa. Wauza nyanya walikuwa wanatoa. Hata askari, ukiwatazama midomo, walikuwa wanatoa kimyakimya. Ndipo Mkuu wa Nchi akaamuru, ili kukomesha uvumi, Mheshimiwa Mbarazi naye apigwe picha ya meno, na picha yake na ya yule binti zisomwe siku moja, mbele ya watu wote, Alhamisi.

*

Picha zilipigwa Jumanne, zikatiwa kila moja katika bahasha ya kaki yenye jina. Juu ya picha yenyewe hapakuwa na jina. Vibandiko vya majina vilikuwa vimeletwa, ila vilijaa sura ya Mkuu wa Nchi, pakakosa pa kuandika.

Jumatano saa ya chakula, wote wametoka, Mheshimiwa akaingia. Akaniambia amesahau kofia. Akasema, bibi, nenda kanitafutie maji ya kunywa. Nikaenda, mpaka upande wa pili wa mlango.

Nikamwona anafungua kabati, anatoa bahasha mbili, anazipeleka picha dirishani kwenye mwanga. Akaitazama moja, akakunja uso kama mtu aliyekutana na mdai wake. Akaitazama ya pili, ile ya binti, meno yamejipanga kama mahindi mabichi, akatabasamu. Kisha akaiweka ya binti kwenye bahasha yake, na yake kwenye bahasha ya binti. Akatoka anapiga mluzi. Kofia alikuwa amevaa.

Nilimkuta Daktari uani, anakula andazi. Nikamweleza. Akaacha kutafuna, akaniuliza kama nina hakika nimeona.

"Mwanangu," nikamwambia, "yaliyopungua ni meno, macho yapo."

Akafikiri kidogo. Akasema akizirudisha, Mheshimiwa ataziona zimerudi, atasema ni yeye Daktari aliyezichezea, na neno la mfagiaji na la tabibu halitoshi mbele ya neno lake. Bora zisomwe kama alivyozipanga mwenyewe. Nikamkumbusha kwamba mama wa mtoto yuko kwenye benchi, na kwamba likienda vibaya, binti anakwenda ndani miaka mitatu.

"Najua, bibi," alisema. Andazi lile hakulimaliza.

*

Alhamisi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mheshimiwa Mbarazi aliingia anakimbia mdogomdogo, amevaa raba nyeupe na fulana ya michezo, nywele zimepakwa dawa nyeusi iliyokuwa inamchuruzikia sikioni. Nyuma yake alikuja Hizza, mwanawe wa kwanza, ambaye pia alikuwa dereva wake, mwanamume mwenye upara na kitambi cha heshima. Kwa amri, Hizza hadharani alikuwa anamwita baba yake "kaka".

Semeni aliletwa kati ya askari wawili. Alikuwa amekonda. Bi Tatu akasimama na khanga yake, akaambiwa akae.

Jaji Ubwa akafungua kikao kwa hotuba, nami nitaipunguza kwa huruma. Alisema kinywa ni lango la taifa. Alisema wapo maadui wanaotaka tutafunwe badala ya kutafuna. Alisema kifungu cha sita kinasema uamuzi wa jino ni wa mwisho, hauna rufaa, na atakayeupinga atakuwa amepinga mifupa yake mwenyewe.

Daktari akachukua bahasha ya kwanza, akasoma jina: Nguzo Mbarazi. Akaiweka picha kwenye kioo chenye taa, akaitazama bila haraka. Akasema meno ni mazima, hakuna lililozibwa. Gego la pili limekaribia kufunga ncha. Gego la mwisho bado limo ndani ya taya, lina kichwa tu, mzizi ndio kwanza unaanza.

"Kati ya miaka kumi na minne na kumi na sita," alisema.

"Kumi na mitano, asubuhi," aliandika Fidelisi.

Wapambe wake wakapiga makofi, kwa maana walikuwa wameagizwa kushangilia umri wowote usiozidi thelathini na minne. Mheshimiwa mwenyewe niliona moyo umemruka kidogo. Nadhani alitegemea ishirini na nane. Lakini akasimama, akainua mkono, akaeleza kwamba hilo ni tunda la mazoezi na mboga za majani. Fidelisi, ambaye alikuwa anazipenda sheria na hakuwa bado amejifunza woga, akauliza kama mtoto wa miaka kumi na mitano anaweza kuwa Mwenyekiti. Mheshimiwa akajibu kwamba sheria inasema asizidi thelathini na mitano, haisemi asipungue ngapi. Jaji akakubali kwamba haisemi. Makofi tena. Kwa hiyo ikaandikwa rasmi, ikagongwa muhuri, kwamba Mheshimiwa ni mtoto.

Daktari akafungua bahasha ya pili. Semeni.

Safari hii alitazama hata zaidi. Akasema mwenye picha hii ni mtu mzima, na amekuwa mtu mzima kwa muda mrefu. Magego yote ya mwisho yamefunga ncha. Matatu ya nyuma yameng'olewa. Mfupa wa fizi umeshuka kama ukingo wa mto wakati wa kiangazi.

Mheshimiwa akapiga makofi peke yake. Askari wakamshika Semeni mikono. Bi Tatu akainuka kwenye benchi, na ile khanga ikamwanguka miguuni. Mimi nilikuwa nimeshika fagio kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi, nikamtazama Daktari, nikawaza, mwanamke huyu, kama amekosea mahesabu, nitamfagia.

"Tena," alisema Daktari, "jino la mbele, juu, kushoto, ni la dhahabu."

Sitaki kusema nchi nzima ilikuwa inalijua jino la dhahabu la mbele, juu, kushoto. Nasema tu kwamba lilikuwa kwenye mabango, kwenye khanga za Siku ya Vijana, na kwenye jalada la madaftari ya shule, na kwamba watu mia tatu walianza ghafla kutazama dari. Mheshimiwa, aliyekuwa amecheka mpaka wakati huo, akaukusanya mdomo wake kama mfuko wa hazina.

Jaji akamwamuru Semeni afungue kinywa. Binti akafungua. Meno meupe yote, kama sahani za harusi. Jaji akasema, labda kwa mazoea, kwamba hilo linahitaji maelezo. Mheshimiwa akaweka leso mdomoni, akasema kupitia leso kwamba binti atakuwa ameling'oa gerezani. Daktari akasema pengo halionekani. Mheshimiwa akasema, kupitia leso, kwamba vijana wa siku hizi wanapona haraka.

"Basi na tukitazame kinywa cha Mheshimiwa," alisema Daktari, "ili tuthibitishe ile kumi na mitano."

Hapo Mheshimiwa alikuwa tayari. Akataja kifungu cha tisa: kinywa cha mtu hakifunguliwi bila ridhaa yake. Jaji akapumua, akashukuru, akaanza kukusanya makaratasi yake. Na ingekuwa imekwisha, na Semeni angekwenda, kama si Fidelisi.

"Samahani, mheshimiwa Jaji," alisema Fidelisi, kidole kikiwa kwenye kitabu. "Kifungu cha tisa ni cha mtu mzima. Kwa mtoto, ridhaa ni ya mlezi. Na Kamati imeshagonga muhuri."

Jaji akautazama muhuri. Wino ulikuwa haujakauka. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama yupo ukumbini ndugu mtu mzima wa mtoto huyu.

Watu wakageuka. Hizza alikuwa amesimama karibu na mlango, funguo za gari mkononi. Miaka kumi na minane alikuwa amemwita mtu yule kaka: mbele ya wageni, mbele ya wakwe, hata siku ya harusi yake mwenyewe, ambapo mzazi wake alikaa na wapambe wa bwana harusi. Alikuja mbele taratibu, kitambi kikitangulia. Fidelisi akampa fomu ya mlezi. Akaisaini. Kisha akanyoosha mkono, akaiondoa ile leso kwa upole, kama unavyomfuta mtoto uji.

"Fungua mdomo, baba," alisema.

Mheshimiwa akamtazama mwanawe. Akamtazama Jaji. Akafungua.

Taa ya kile kioo ilikuwa karibu, na dhahabu ikaiitikia. Daktari akaichukua picha ya pili, akaishika kando ya shavu lake: jino kwa jino, pengo kwa pengo, matatu ya nyuma, na dhahabu ya mbele, juu, kushoto. Aliishika hapo mpaka wa madirishani nao wakashiba kuona. Jaji Ubwa akamwambia Fidelisi abadilishe majina kwenye bahasha. Semeni, miaka kumi na mitano, asubuhi. Ameonywa, arudishwe kwa mzazi. Bi Tatu hakungoja muhuri. Alipita katikati ya askari, akamfunika mtoto ile khanga kichwani mpaka miguuni, wakatoka, na yule binti nilimsikia chini ya khanga akimwuliza mama yake kama kuna chakula.

Jaji akabaki na mtu mmoja mbele yake, mwenye raba nyeupe, mdomo wazi.

"Mheshimiwa Mbarazi," alisema. "Picha ya kwanza, uliyosimama hapa ukasema ni yako, haikuwa na dhahabu. Hili nini?"

Mheshimiwa akapitisha ulimi juu ya lile jino, akafikiri.

"Limeota sasa hivi," alisema. "Si mmeandika wenyewe kwamba bado nakua?"